Ulinzi wa usiku mtaani kwetu Magomeni, Mtwara: kwa nini nimeendelea kuulipia badala ya kuomba wanajeshi

Kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikilipia huduma ya kikundi cha ulinzi shirikishi cha mtaa wetu, hapa Magomeni katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Nimeamua kuiandikia tathmini kwa sababu mkutano wa mtaa uliofanyika mwanzoni mwa msimu wa korosho ulikaribia kuivunja kabisa kwa hoja moja: kwamba vibaka wamezidi, kwamba watu wenye rungu na filimbi hawatoshi tena, na kwamba kilichobaki ni kwenda kwa mkuu wa wilaya kumwomba atuletee wanajeshi wapite mitaani usiku. Nina duka la vifaa vya ujenzi na nimekwisha kuibiwa, kwa hiyo ninazungumzia jambo lililonigusa mfukoni.

Kwanza nieleze kinachouzwa. Kikundi kina walinzi tisa, wote wamepitia mafunzo ya mgambo, na kila usiku watano kati yao huingia zamu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Duka hulipa shilingi 10,000 kwa mwezi, genge la mboga shilingi 3,000 na nyumba ya kuishi shilingi 2,000. Vifaa vyao ni rungu, tochi, filimbi na makoti ya mvua ambayo kwa sasa ni matatu tu, pamoja na kaunta buku moja yenye jalada jeusi inayokaa kwa mwenyekiti mchana na kwa kiongozi wa zamu usiku. Kaunta buku hiyo ndiyo iliyonifanya niiheshimu huduma hii. Humo huandikwa nani yuko zamu, wamepita wapi saa ngapi, taa ya nani imezimika, gari gani limeegeshwa mahali lisipozoeleka, na mgeni gani ameulizwa anakokwenda na akajibu nini. Mwandiko ni mbaya na tahajia inayumba, lakini saa zimeandikwa.

Niliielewa thamani yake usiku duka langu lilipovunjwa. Kulikuwa na manyunyu. Saa 8:40 usiku simu ililia, na sauti ya kiongozi wa zamu ikaniambia, “Bosi, amka uje dukani, ila ukifika usiguse mlango.” Nilipofika nilikuta kufuli limekatwa kwa mkasi mkubwa wa vyuma, nusu yake ikining’inia kwenye pete na nusu nyingine ikiwa chini kwenye saruji. Walinzi wawili walikuwa wamesimama pande mbili za mlango wakizuia majirani wasiingie. Hatua chache kutoka hapo, kwenye udongo laini wa pembeni mwa mfereji, kulikuwa na karai limefunikwa chini juu. Nilidhani wezi wameliangusha wakikimbia. Mlinzi mmoja, kijana ambaye mchana huendesha bodaboda, alinieleza kwamba amelifunika yeye mwenyewe, kwa sababu chini yake kuna alama ya kiatu na mvua ingeifuta kabla polisi hawajafika. Nimelifikiria karai lile mara nyingi tangu siku hiyo. Hakuna aliyemwagiza. Alijua kwamba kazi yake haiishii kwenye kumfukuza mwizi, kwamba kuna mtu mwingine atakuja baadaye kuuliza maswali, na kwamba mtu huyo atahitaji kukuta kitu.

Vilikuwa vimeondoka roli sita za waya wa umeme, mashine moja ya kukatia vigae na fedha kidogo za chenji. Kituo cha polisi tulichokipigia, ambacho sitakitaja, kilitujibu kwamba gari halina mafuta, na hilo lilituumiza sana, kwa maana ndilo jibu lililowafanya wengi baadaye waseme polisi hawana maana. Hata hivyo asubuhi mpelelezi alikuja kwa bodaboda. Alifunua karai, akapiga picha alama ya kiatu, akasoma kaunta buku ukurasa mzima na kunakili saa zote, kisha nikaenda kituoni kuandikisha maelezo na nikapewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa polisi. Siku ya nane roli mbili za waya zilikutwa kwa mtu aliyekuwa akiziuza kwa bei ya kutupa, zikiwa na bei yangu niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya duara la karatasi. Kuna mshtakiwa mahakamani. Siwezi kusema kama ana hatia, hilo ni la hakimu, lakini kesi ipo, ina namba, ina vielelezo na ina mashahidi.

Sasa nirudi kwenye mkutano. Mzee mmoja anayeuza samaki, mtu ninayemheshimu na ambaye alikwisha kuvunjiwa banda lake mara mbili, alisimama na kusema maneno ambayo nusu ya waliokuwepo waliyapigia makofi. Alisema, “Mwenyekiti, na nyinyi wanangu, tusidanganyane. Mwaka 2013 wanajeshi walipoingia hapa, kuna kibaka aliyetoka nje? Mlango ulikuwa unauacha wazi. Sisi tunalipa hela za filimbi, na mwizi anaisikia filimbi akiwa mbali, anajua mlinzi yuko upande gani.” Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kuhusu filimbi alisema kweli tupu, na walinzi wenyewe walikiri wiki hiyo hiyo na kubadili utaratibu wa kupuliza. Kuhusu mwaka 2013, alisema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya ninyooshe mkono.

Wengi wetu tunaikumbuka. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipokuwa ikisomwa bungeni na kuthibitisha kwamba bomba la gesi litajengwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, mji huu ulilipuka kwa ghasia za kuupinga mpango huo. Moto uliwaka, barabara zilifungwa kwa mawe na magogo, na Serikali ikaleta wanajeshi kuongeza nguvu. Wanajeshi wanne walipoteza maisha katika ajali ya gari walipokuwa safarini kutoka Nachingwea kuja huku, na nawataja kwa sababu katika mabishano ya namna hii mwanajeshi huzungumzwa kama chombo, watu wakasahau kwamba naye ana mama. Mji ulitulia, hilo halina ubishi. Lakini utulivu ule ulikuwa wa watu kujifungia ndani. Duka langu lilifungwa, magenge yalifungwa, mgonjwa alisubiri kupambazuke, na kibaka hakutoka kwa sababu hakuna mtu yeyote aliyetoka. Nilimuuliza mzee, kwa adabu, kama angeweza kuuza samaki katika usiku wa namna ile kwa miezi mitatu mfululizo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hapo mwanangu umenishika.”

Ghasia zenye moto na mawe ni dharura, na nchi nyingi zina mlango wa kisheria wa jeshi kuisaidia mamlaka ya kiraia hali inapofika huko. Sisi tulikuwa tunazungumzia roli za waya, simu za mkononi, kuku na mabanda ya samaki. Kwa makosa ya namna hiyo, mtu aliyeibiwa anahitaji mlolongo wa kazi ndogo ndogo zinazochosha: kuna wa kupokea malalamiko na kuyaandika, wa kuilinda alama ya kiatu, wa kujua kwamba kijana fulani wa mtaa wa pili hana duka lakini anauza waya, wa kumkamata bila kumvunja mguu, wa kumfikisha mahakamani ndani ya muda ambao sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inautaka, yaani saa 24 kadiri inavyowezekana, na baada ya miezi mingi wa kusimama kizimbani akumbuke alichokiona. Mwanajeshi hakufundishwa kazi hizo. Amefundishwa kumkabili adui wa nchi akiwa na wenzake, kwa amri moja na kwa nguvu inayomaliza upinzani upesi, na tunataka awe hivyo hasa. Kisha huhamishwa. Anayelinda leo kona ya Magomeni huenda baada ya miezi sita yuko Songea au Monduli, na wakili wa mshtakiwa atafurahi sana kusikia kwamba shahidi aliyemkamata mteja wake hapatikani.

Mfano unaonitosha ni wa hapa hapa nchini, na Lindi wanaujua kwa karibu kwa sababu sehemu kubwa ya wilaya ya Liwale imepakana na pori la akiba la Selous. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili wa tembo, ikiwachanganya wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Nia ilikuwa njema na tatizo lilikuwa la kweli, kwani tembo walikuwa wakiisha. Lakini operesheni ilianza Oktoba na ilisitishwa mwanzoni mwa Novemba, baada ya wabunge kulalamika kuhusu yaliyowapata wananchi. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya James Lembeli, ilichunguza na kuleta taarifa iliyoeleza watu kuuawa, kuteswa na kudhalilishwa, na mwezi Desemba mawaziri wanne waliondoka kwenye nafasi zao, wakiwemo wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani na wa Maliasili. Mkutanoni kijana mmoja alisema majangili ni majangili, wacha wapigwe. Nilimwambia kwamba aliyepigwa bila kuandikwa popote hatuwezi kujua kama alikuwa jangili, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Msimu wa korosho wa mwaka 2018 nao ulitupa somo, ingawa haukuhusu uhalifu moja kwa moja. Wanunuzi walipogomea bei, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likapewa kazi ya kuzisomba na kulinda maghala. Magari ya jeshi yalipita barabara zetu kwa mpangilio ambao sijawahi kuuona, na kazi ya kubeba ilifanyika. Palipokuwa pagumu ni kwenye uhakiki, yaani kujua korosho hizi ni za mkulima yupi na zipi ni za kangomba, yaani walanguzi wanaonunua kwa wakulima kinyemela, na huko wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa muda mrefu. Lori la jeshi liliweza kubeba gunia, lakini swali la nani mwenye gunia lilihitaji daftari la chama cha msingi cha ushirika, mtu anayemfahamu mkulima na shamba lake, na subira. Wizi wa mtaani ni swali la nani mwenye gunia kila siku ya Mungu.

Wenzetu wa mbali wamejaribu, na majibu yao yanajulikana. Rais Felipe Calderón wa Mexico alipeleka wanajeshi katika jimbo la Michoacán Desemba 2006 kupambana na magenge ya dawa za kulevya, na ndani ya miaka mitano idadi ya mauaji kwa mwaka katika nchi hiyo ilizidi mara mbili. Afrika Kusini ilipeleka wanajeshi Cape Flats, pembezoni mwa Cape Town, Julai 2019, wakaondoka, na magenge ya wahalifu yakabaki. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1878 inayozuia jeshi la shirikisho kufanya kazi za polisi, na bado Juni 2025 Rais Donald Trump alipeleka Los Angeles maelfu ya askari wa National Guard, yaani jeshi la akiba la majimbo, pamoja na wanajeshi wapatao 700 wa kikosi cha Marines. Septemba mwaka huo jaji wa shirikisho aliamua kwamba wametumika kinyume na sheria hiyo, na Serikali ikakata rufaa. Sikuyaeleza yote haya mkutanoni kwa sababu mama mmoja alisema, na kwa haki, kwamba Mexico haina banda la samaki Magomeni.

Nisieleweke kwamba silitaki jeshi Mtwara. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, karibu na mto Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliotokea upande wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Kwa adui wa namna ile ningeomba mwanajeshi kabla ya kuomba kitu kingine chochote, na kila ninapokwenda vijiji vya mpakani nikaona wapo, nalala vizuri. Tena ndiyo sababu nyingine ya kutowataka huku mjini: aliyepangwa kufuatilia mwizi wa kuku Magomeni hayuko Ruvuma. Na hata hivyo mkono wa jeshi umo tayari ndani ya huduma hii ninayoitathmini, kwani washauri wa mgambo wanaowafunza vijana wetu kwata na nidhamu ni maofisa wa JWTZ. Huo ndio mchango wa jeshi ninaouona unafaa mtaani, yaani kumfundisha mkazi wa hapa, kisha kumwacha awalinde wenzake chini ya polisi na serikali ya mtaa.

Baada ya kusema hayo, huduma yenyewe ina kasoro, na nisingekuwa mkweli kama ningezificha. Stakabadhi hazitolewi kwa wote. Mimi napewa kwa sababu nadai, lakini wenye magenge hukusanyiwa fedha mkononi na jina kuwekwa tiki tu, na mwezi mmoja tiki hizo hazikulingana na fedha zilizofikishwa. Mvua ikinyesha sana doria hupungua, jambo linaloeleweka kwa watu watano wenye makoti matatu, lakini mwizi naye anaijua mvua. Upande wa bondeni, ambako nyumba ni za chini na wengi hawalipi, walinzi hupita mara moja kwa usiku ilhali kwetu barabarani hupita mara nne au tano. Huu si uungwana, kwa sababu anayekosa shilingi 2,000 anaibiwa kuku yuleyule ambaye mimi naweza kumnunua mwingine kesho.

Kasoro kubwa kuliko zote ilitokea mwezi wa tano wa huduma. Kijana aliyekutwa na ndoo ambayo hakuweza kuieleza alipigwa na walinzi wawili kabla ya kupelekwa kwa polisi. Ndoo ilikuwa ya shangazi yake. Nilimwona siku iliyofuata, jicho moja limefumba, amekaa barazani kwa shangazi huyo na hataki kumtazama mtu usoni. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na haina mahali inapomruhusu kumwadhibu. Walinzi wale wawili waliondolewa kwenye kikundi, mwenyekiti na wazee walikwenda kuomba radhi nyumbani kwa familia hiyo, na matibabu yalilipwa. Tuliweza kufanya hivyo kwa sababu tulijua walinzi hao wanaitwa nani na wanalala wapi, na kaunta buku ilikuwa imeandika zamu ya usiku ule. Kama aliyempiga angekuwa mtu aliyeshuka kwenye lori akiwa na kofia ya chuma, akapanda tena na kuondoka, shangazi yule angekwenda kugonga mlango wa nani?

Kwa mtu anayefikiria kujiunga na huduma ya namna hii, iwe hapa, Chikongola, Mikindani au Lindi mjini, ningemshauri aulize mambo matatu kabla ya kutoa shilingi yake: aonyeshwe kaunta buku ya mwezi uliopita, ajue mkaguzi wa polisi wa kata huja kuikagua mara ngapi, na aambiwe mlinzi wa mwisho kuondolewa aliondolewa kwa kosa gani. Kikundi kisichowahi kumwondoa mtu yeyote kwa miaka kadhaa mimi singekilipa. Kwetu mkaguzi huja mara mbili kwa mwezi na kutia saini, na saini zake zimo.

Mkutano uliisha magharibi. Ombi la wanajeshi halikupitishwa, lakini lilikosa kura chache tu, na waliolipigia mkono hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliochoka. Kilichopitishwa ni barua kwenda kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ikiomba doria ya polisi ya pikipiki kati ya Oktoba na Januari, wakati fedha za korosho zinapokuwa mikononi, na ikiomba gari la kituo lipewe mafuta ya usiku. Pia tuliongeza shilingi 500 kwa kila duka kwa ajili ya makoti mawili ya mvua na vitabu vya stakabadhi vyenye namba.

Yule kijana wa bodaboda aliyefunika alama kwa karai ameitwa mahakamani kutoa ushahidi. Mara mbili za kwanza kesi iliahirishwa, na kila alipokwenda alipoteza siku nzima ya abiria. Wiki iliyopita wenye maduka tuliitana tukakubaliana kumlipa siku hizo, na mzee wa samaki ndiye aliyetoa wa kwanza. Kesi inatajwa tena Jumanne. Nimekwisha kumwambia kijana achukue kaunta buku kwa mwenyekiti mapema, kabla ya saa 2 asubuhi, asije akaikosa.